Kusubiri Tufo

Nikiulizwa chuoni napenda muziki gani, hujibu tufo, kisha hungoja swali la pili kwa sababu halikosekani: tufo ndiyo nini? Mwenzangu wa chumbani, mzaliwa wa Mbeya, aliponiona nafunga begi katikati ya muhula alidhani nimefiwa. Nikamwambia nakwenda kwetu, Mocímboa da Praia, kaskazini ya Msumbiji, kuangalia kikundi cha wanawake kikicheza siku ya Idi. Akakaa kitandani.

"Tiketi shilingi ngapi?"

Hakuna tiketi.

"Ni bendi kubwa?"

Walikuwa ishirini na wawili. Wamebaki kumi na wawili.

"Wana albamu?"

Wana klipu tisa za WhatsApp, na katika mbili kati ya hizo anayesikika zaidi ni jogoo.

Alicheka mpaka na mimi nikacheka. Lakini yeye mwenyewe aliwahi kusimama uwanjani tangu saa tisa alasiri kumngoja msanii aliyepanda jukwaani saa saba usiku, kwa hiyo hakuwa na haki ya kunishangaa, na nilimwambia hivyo.

Klipu hizo tisa nimezihamisha simu hadi simu, sasa ni ya tatu. Naijua kila moja. Katika ya nne, mpigaji mmoja anawahi kidogo na mwimbishaji anamkata jicho bila kuacha kuimba. Katika ya sita mtu anakohoa kabla tu ya kiitikio, na nimeizoea hata siku moja nilipoimbiwa wimbo huo na mama mdogo jikoni, niliona kuna kitu kimepungua. Ni kile kikohozi.

Kwa wasioijua: tufo ni ngoma ya pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kuanzia Angoche na Kisiwa cha Msumbiji hadi huku kwetu. Wanawake hupiga magoti kwa safu, wamevaa kapulana za aina moja (kapulana ndiyo kanga yetu), usoni wamepaka msiro, ule mweupe wa mti unaosuguliwa juu ya jiwe lenye maji. Nyuma au pembeni yao kuna wapigaji wanne wenye matari ya ngozi. Zamani magoti hayakutoka chini kabisa. Siku hizi wanasimama pia, lakini kazi yote bado iko mabegani, shingoni na mikononi. Wazee husema ilitoka Kilwa, ikaletwa Kisiwa cha Msumbiji na Waislamu katika miaka ya 1930, ikawa ya maulidi kabla haijawa ya harusi, ya sherehe za serikali na ya mashindano ya mitaa. Jina lenyewe ni dufu. Kimakhuwa hakina sauti ya d, basi dufu likaingia kwao likatoka tufo. Hilo nililisikia darasani Dar es Salaam, nikiwa mwaka wa kwanza, na nikaona aibu kidogo kwamba nilihitaji kusafiri mpaka huko ili nielezwe neno la nyumbani.

Baba alikuwa na kaseti ya Eyuphuro. Ndiyo bendi ya upande wetu iliyofika mbali: iliundwa mwaka 1981, ikatoa Mama Mosambiki mwaka 1990 kwa kampuni ya Real World ya Uingereza, na ndani yake kuna sauti ya Zena Bacar, aliyefariki Desemba 2017. Nilimpenda Zena Bacar na bado nampenda. Lakini sikuwahi kumngoja. Ukiwa na kaseti hungoji, unabonyeza. Kikundi cha mtaani kwetu Milamba kilinifundisha kungoja, maana hakikuwa na kaseti wala redio wala kampuni, na ulikuwa huwezi kuwasikia mpaka wao waamue.

Na walijua kutungojesha! Mwezi mzima kabla ya Idi walifanya mazoezi usiku ndani ya ua mmoja, sisi watoto tukichungulia kwenye makuti na kufukuzwa kwa maji ya vyombo. Siri kubwa haikuwa nyimbo. Ilikuwa kapulana. Kulikuwa na kikundi cha mtaa wa pili, mahasimu wetu, na wote walinunua vitambaa kwa kujificha, mwaka mwingine vikaagizwa Nampula ili wenye maduka ya mjini wasiropoke. Asubuhi ya Idi, watu walisimama vibarazani kungoja rangi tu. Mwaka mmoja vikundi vyote viwili vilitokea na kapulana ileile ya njano yenye korosho. Wale wengine walirudi nyumbani kubadilisha. Wetu hawakurudi, na hilo bado tunawakumbusha.

Mimi niliwekwa mbele kwa sababu kaka yangu, kifungua mimba wa mama, alipiga tari kubwa. Kwa kawaida nafasi hiyo ingekuwa ya mtu mzima, lakini alikuwa na mkono mzito usiokwenda haraka, na mwimbishaji alisema wapigaji wenye haraka wako wengi, wenye subira hakuna. Anayekohoa katika klipu ya sita ni yeye.

Yaliyotupata yanajulikana, nitayapita upesi. Mji wetu ulishambuliwa kwa mara ya kwanza tarehe 5 Oktoba 2017. Mwaka 2020 ulishambuliwa tena na tena, na tarehe 12 Agosti ukaangukia mikononi mwa wale watu, ukabaki mikononi mwao karibu mwaka mzima. Sisi tuliondoka kwa jahazi. Kaka alibaki nyuma kutafuta chombo cha pili kwa ajili ya bibi na wengine wa mtaa. Bibi alifika, kwa chombo cha watu wengine. Yeye hakufika. Tulishukia ufukwe wa Paquitequete, Pemba, pamoja na maelfu walioshushwa pale mwaka ule, na kwa wiki nyingi mama alikwenda ufukweni kila tanga lilipoonekana.

Kikundi kilitawanyika kama sisi: Pemba, Metuge, Montepuez, Nampula. Waliokuwa Pemba walijikusanya watano wakapiga ndoo za plastiki badala ya matari. Klipu ya nane na ya tisa ni za wakati huo. Nimezisikia zikidharauliwa, kwamba ndoo si ngoma. Mimi nazipenda kuliko zote. Sauti ya ndoo ni kavu, haina mwangwi, na mwimbishaji amelazimika kujaza mwenyewe kile ambacho ngozi ingejaza.

Watu walianza kurudi Mocímboa mwaka 2022. Mama na bibi walirudi baadaye, mimi nikiwa nimekwisha kuja kusoma. Halafu, wiki tano kabla ya Idi, mama mdogo akanitumia ujumbe wa sauti: tufo inarudi. Kuna matari manne, mawili ya zamani na mawili mapya yaliyowambwa ngozi ya mbuzi. Kuna kapulana, haijulikani ipi. Na kuna wimbo mpya.

Kuhusu wimbo mpya alishusha sauti. Wanasema ni mrefu, ni wa safari ya baharini, na mwishoni unataja majina.

Hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kuchanganyika na kitu kingine. Kwetu hatujamfanyia kaka khitma. Mama hajakubali, hakuna kaburi, hakuna aliyeona, na kuna watu waliorudi baada ya miaka miwili au mitatu. Jirani wameacha kuuliza. Lakini jina likiimbwa katika wimbo ule, mbele ya mji mzima, basi mji umekwisha kuamua. Nilimuuliza mama mdogo kama jina lake limo. Akasema mwimbishaji alikuja nyumbani kumwomba mama ruhusa. Mama alimpikia chai, akamtolea mhogo, wakazungumza bei ya samaki, akamsindikiza mpaka barabarani. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Basi nikafunga begi. Mhadhiri wangu wa fonolojia atanisamehe vipindi vile vitatu. Nilimwambia ni jambo la kifamilia, na haikuwa uongo.

Njia ni ndefu: Dar es Salaam hadi Masasi, Masasi hadi Mtambaswala, kuvuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, kisha Negomano, Mueda, Awasse, na ndipo unaanza kusikia harufu ya bahari. Mpakani nilibadilisha fedha nikaomba noti ndogo. Mbadilishaji alinitazama kama mwizi, lakini alinipa: noti 25 za metikali ishirini ishirini. Ni za kutuza. Shabiki anayejiheshimu haendi mikono mitupu, na hatoi noti kubwa mara moja halafu akae, anapanga. Ndani ya chapa kutoka Mueda niligawa zangu kwa nyimbo. Tatu za ufunguzi. Sita za wimbo wa klipu ya sita. Nne za wimbo wa kuwasema wanaume wavivu, kwa sababu bibi huupenda na hatakuwa na noti. Nikabakiwa na 12, nikaziweka mfuko wa peke yake. Kwenye kizuizi kimoja askari wa Rwanda aliniuliza kwa Kiswahili naenda wapi. Nikasema ngomani. Akasema, "Bahati yako."

Nilifika siku moja kabla ya Idi. Mtaa si ule. Nyumba ya ule ua wa mazoezi haina paa. Walikuwa wakifanyia mazoezi ndani ya nyumba ya mwimbishaji, madirisha yamezibwa kwa magunia, na watoto wamejipanga nje wakichungulia kama sisi zamani. Nilisimama nyuma yao. Mtoto mmoja alinigeukia akaniambia kwa hasira nisimzibe, nikasogea. Nilisikia matari mawili tu yakipigwa polepole, halafu kicheko cha wanawake, halafu kimya, halafu tena. Tari kubwa silo lile la kaka, lake liliungua. Hili jipya lina sauti ya juu zaidi, bado ngozi haijalegea vizuri. Nikajikuta nakasirika kwamba limepigwa na mtu mwenye haraka, halafu nikaona haya, maana mpigaji ni kijana wa miaka kumi na sita na yumo kwa sababu nafasi ilikuwa wazi.

Usiku mama alikuwa akichambua mchele. Nikamuuliza kama kesho atakwenda.

"Nina kazi za nyumbani."

"Siku ya Idi, mama?"

"Siku ya Idi watu hawali?"

Sikuongeza. Sikulala vizuri pia, na nakiri kwamba zaidi ya nusu ya kukosa usingizi kulikuwa kwa rangi ya kapulana. Nilidhani nikiwa na jambo zito moyoni, mambo madogo yangetoka yenyewe. Hayakutoka. Nilibahatisha buluu. Bibi, aliyekuwa macho pia, alisema nyekundu, kwa sababu mwimbishaji akirudi baada ya muda mrefu hawezi kurudi na rangi ya kunyamaza.

Baada ya swala na chakula tulitandika mkeka uwanjani mapema, mimi na bibi, mbele kabisa upande wa kushoto, ambako unaona mikono ya wapigaji. Tulitangaziwa kwamba ngoma itaisha kabla ya jua kuzama, kwa usalama, kwa hiyo watu walikuja mapema kuliko nilivyowahi kuona. Mahasimu wa mtaa wa pili walikuwepo, sita tu, wamekaa pamoja bila sare. Karibu na mwembe vijana waliwasha moto wa makuti na kuanza kupasha matari, wakiyazungusha juu ya miali na kuyagonga kwa kidole kusikiliza. Ngozi mpya inataka moto mrefu. Kila walipogonga, uwanja ulinyamaza kidogo.

Nilikuwa nimetoa noti zangu nazihesabu upya nilipoona kivuli mkekani. Mama alikuwa amevaa, amejipaka msiro, jambo ambalo sikuliona tangu Pemba. Alivua viatu, akaketi kati yangu na bibi, akatazama mikono yangu.

"Una ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Nigawie."

Nilimpa zile 12 za mfuko wa peke yake. Akazihesabu, akazikunja moja moja, akazifunga kwenye pindo la kapulana yake, na hakuniambia za wimbo gani. Pale mwembeni kijana aligonga tari kubwa mara mbili, akalisogeza mbali na moto. Mlango wa nyumba ya mwimbishaji ukafunguliwa, na watu wa upande ule, waliotangulia kuona, wakapiga vigelegele.

Ilikuwa nyekundu.