Majani ya Chai Yana Saa Yake, Abiria Hana

Msafiri atokaye Nakuru akaelekea magharibi hupita Mau Summit, kisha barabara huanza kuteremka kwa mizunguko kupitia Londiani Junction na Chepseon. Kabla hajaufikia mji wa Kericho, huona chai imetandazwa vilimani upande huu na upande huu, kijani mpaka macho yanapokoma. Mji wenyewe umekaa juu, mita 2,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na hali ya hewa yake wenyeji huijua kama saa: asubuhi jua, alasiri radi na mvua, na mara kwa mara mvua ya mawe ambayo hupasua majani ya chai na kuwatia wakulima hasara.

Uzuri wa nchi hii umesifiwa na wengi, na hapana haja ya kuusifu tena. Jambo lisilosemwa sana ni jinsi wenyeji wake wanavyosafiri kutoka shambani hadi sokoni, hospitali na ofisini. Nalo ni jambo linalompasa kila mkulima na kila karani alifikiri, maana hutoa fedha kwa ajili yake karibu kila siku.

Kwanza yafaa kujua kwamba njia za nchi hii hazikukatwa kwa ajili ya abiria. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, lakini haikupita Kericho. Ilipita upande wa kaskazini, kwa Londiani, Lumbwa ambayo sasa huitwa Kipkelion, Fort Ternan na Muhoroni. Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoanza kupanda chai kwa wingi katikati ya miaka ya 1920, juu ya ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis, ilibidi chai ipelekwe kwa barabara hadi kwenye reli. Barabara, basi, ilikuwa mtumishi wa chai tangu mwanzo. Mwafrika alipopata nafasi ya kulima zao hili katika miaka ya 1950, na KTDA ilipoundwa mwaka 1964 ili kuwasimamia wakulima wadogo, njia nyingine ndogo ndogo zilikatwa vilimani, nazo pia zilikuwa za kufuata majani.

Haikuwa vibaya hivyo. Jani bichi la chai halingoji. Likichumwa asubuhi likakaa mno guniani hupata joto, hugeuka rangi, na thamani yake hupotea. Kwa sababu hiyo viwanda vilijengwa karibu na mashamba: Litein, Kapkatet na Momul kwa upande wa Kericho, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga kwa upande wa Bomet. Kila kiwanda kina mabanda yake ya kununulia majani, na kila banda lina siku yake. Mkulima hufika na mzigo wake, karani huutia kwenye mizani, risiti hutolewa, na lori huchukua majani kwenda kiwandani. Lori likichelewa, wakulima wanajua wa kumwuliza. Wana kamati yao ya banda, wana wakurugenzi wa kiwanda waliowapigia kura wenyewe, na mwisho wa mwaka, bonasi ikiwa ndogo, wanajua pia wa kumlaumu.

Sasa mtazame mkulima yule yule siku ya pili, anapotaka kumpeleka mama yake katika hospitali ya Longisa, au ile ya Tenwek ambayo ilianza kama zahanati ya misheni mwaka 1937. Hakuna banda linalomngoja, wala siku, wala karani. Atamweka mama juu ya pikipiki ya bodaboda, naye atashikilia nyuma, watu watatu juu ya kiti kimoja, katika njia ya udongo iliyolowa mvua ya jana. Pikipiki zilikuwa chache katika vilima hivi mpaka serikali ilipoziondolea kodi mwaka 2008. Leo ndizo miguu ya nchi nzima, na ajali zake hujaza wadi za hospitali. Jina lenyewe lilianza Busia katika miaka ya 1960, kwa watu waliovusha abiria mpakani kwa baiskeli.

Wakifika kwenye lami, wataingia matatu. Gari halitaondoka mpaka lijae. Hii ndiyo sheria kuu ya steji, ijapokuwa haikuandikwa popote, na wenye hila wamejua namna ya kuitumia: vijana wa steji huketi ndani kama abiria ili gari lionekane limebakiza nafasi mbili tu, na mgeni akiisha kuingia na kulipa, wao huteremka mmoja mmoja kana kwamba wamekumbuka jambo nyumbani. Hapo mgeni hujikuta peke yake ndani ya gari tupu. Saa nzima yaweza kupita hivyo.

Njia ya kutoka Kericho kwenda kusini hupita Litein na Kapkatet mpaka Kaplong, ambapo pana njia panda: upande mmoja Sotik na Kisii, upande wa pili Bomet, Longisa, Mulot na hatimaye Narok. Pale Kaplong abiria wa Bomet mara nyingi huambiwa ateremke. Gari lililomwahidi kumfikisha limepata watu wachache, na kondakta amemuuza, kama wasemavyo wenyewe, kwa gari jingine. Kama ni mtu mzima, ataambiwa kwa adabu: "Kogo, hamia gari lile, nauli yako nimekwisha mpa yule." Kogo ni bibi kwa Kikipsigis, na heshima hiyo haikosekani, lakini bibi huteremka vilevile na mizigo yake mvuani. Gari la pili nalo lingoje lijae. Penginepo gari hilo ni Probox, motokaa ndogo iliyoundwa kwa watu watano, ambayo huchukua wanane au tisa, mmoja wao akiwa amebanana na dereva juu ya kiti kimoja.

Nauli nayo ina tabia zake. Asubuhi ya jua ni nyingine na alasiri ya mvua ni nyingine. Shule zikifunguliwa hupanda, Krismasi hupanda, na bonasi ya chai ikilipwa hupanda pia, kwani wenye magari husoma habari za KTDA kwa makini kuliko wakulima wenyewe. Hapana aliyevunja sheria hapo, maana hakuna nauli iliyowekwa ya kuvunjwa.

Hata hivyo si haki kuwalaumu watu wa matatu kwa yote. Hao ndio waliojaza pengo wakati hapakuwa na mwingine. Makondakta wa njia ya Litein huwafahamu abiria wao kwa majina, huchukua barua na dawa za wagonjwa bila malipo, na mara nyingi humbeba mtoto wa shule asiye na senti. Matatu ilipata jina lake kwa mapeni matatu, yaani senti thelathini, nauli ya siku zake za kwanza mjini Nairobi. Wakati ule yalikuwa magari ya kujificha, kwani haki ya kubeba watu mjini humo ilikuwa ya kampuni ya Kenya Bus, iliyoanza mwaka 1934 kwa mtaji wa Waingereza. Mwaka 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba matatu zinaweza kufanya kazi bila leseni ya abiria, na tangu hapo zikaenea nchi nzima. Serikali nayo ilijaribu kuendesha mabasi yake, Nyayo Bus, kuanzia mwaka 1986. Kabla ya miaka kumi kwisha yalikuwa yamelala gereji.

Sheria zilizofuata zililenga usalama zaidi. Waziri John Michuki alileta kanuni zilizoanza kutumika Februari 1, 2004: mikanda ya viti, kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na marufuku ya abiria kusimama. Zilikuwa kanuni njema, na kwa muda zilifuatwa. Mwaka 2012 ikaundwa NTSA kusimamia usalama wa barabara. Lakini katika kanuni hizo zote dereva huulizwa anakwenda mbio kiasi gani. Haulizwi ataondoka saa ngapi. Na mambo haya mawili yameshikana. Dereva aliyengoja steji saa nzima lazima aikomboe saa ile barabarani.

Wakazi wa Kericho wana sababu ya kuyakumbuka hayo. Oktoba 10, 2018, alfajiri, basi lililotoka Nairobi lilianguka karibu na Fort Ternan, na watu zaidi ya 50 wakafa. Polisi walisema halikuwa na ruhusa ya kusafiri usiku. Juni 30, 2023, jioni, lori lilishindwa kusimama pale Londiani Junction likavamia matatu, pikipiki na wachuuzi waliokuwa kando ya lami. Hapo pia waliokufa walipita 50. Wengi walikuwa wamesimama tu, wakiuza au wakingoja gari, kwa sababu abiria wa njia ile hakutengewa mahali pengine pa kungojea ila ukingo wa barabara kuu.

Huenda msomaji akadhani kwamba matatizo haya ni ya nchi changa peke yake. Sivyo. Manchester, mji mkubwa wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa na mabasi yaliyosimamiwa na mamlaka ya umma, mpaka Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya mwaka 1985. Kuanzia Oktoba 1986 kila kampuni iliruhusiwa kuendesha basi popote ipendapo, kwa nauli ipendayo. London peke yake iliachwa nje ya mpango huo. Huko Manchester mabasi yalijazana katika njia zenye faida, yakifukuzana kituo kwa kituo, na vijiji vya pembeni vikakosa gari jioni. Tiketi ya kampuni moja haikukubaliwa na nyingine. Mtu wa Kaplong angekitambua kisa hicho bila kuelezwa.

Sheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyowapa mameya uwezo wa kurudisha usimamizi. Meya Andy Burnham aliamua hivyo mwaka 2021. Baadhi ya makampuni yalikwenda mahakamani kumpinga, yakashindwa. Moja lao lilikuwa Stagecoach, kampuni ile ile ya Uskoti iliyonunua Kenya Bus mwaka 1991 na kuiuza mwaka 1998. Mabasi ya manjano yalianza kazi Septemba 2023 upande wa Bolton na Wigan, na kufikia Januari 5, 2025 yalikuwa yameenea jimbo zima. La kuangaliwa ni kwamba serikali ya huko haikuwanyang'anya wenye mabasi kazi yao. Makampuni bado huajiri madereva na kuendesha magari, ila kwa mkataba: njia, saa na nauli hupangwa na mamlaka ya umma, na basi likichelewa ipo ofisi ya kujibu.

Kericho si Manchester. Mji ule una watu wengi na hazina ya kulipia mabasi yanayokwenda nusu tupu; kaunti zetu hazina. Lakini uwezo wa kisheria upo tayari. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa serikali za kaunti kazi ya usafiri wa umma wa barabarani, pamoja na barabara za kaunti na maegesho. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, kazi hiyo kwa sehemu kubwa imekuwa kujenga steji na kutoza ada. Mwenye gari hulipa ili asimame. Haulizwi lolote juu ya kuondoka.

Njia moja ingetosha kwa majaribio, nayo ni ile ya Kericho, Litein, Kaplong na Bomet mpaka Longisa. Magari yapo, na vyama vya Sacco vya wenye magari vipo. Kinachotakiwa ni magari machache ya asubuhi yaondokayo kwa saa iliyotangazwa, yamejaa au hayakujaa, kwa nauli iliyobandikwa mlangoni. Na chama kitakachokubali kipunguziwe ada ya steji ili kisipate hasara ya viti vitupu. Mwenye gari atasema haiwezekani kwa sababu njia hupita kaunti mbili, na kila kaunti ina ada yake. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Kericho na Bomet zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 1992, na hata leo abiria wa Kapkatet aendaye Longisa hajui amevuka mpaka mahali gani.