Malka za Mto Tana: Maji Yanayolisha Nyumba Mbili

Msafiri atokaye Malindi kuelekea Lamu huukuta mto Tana karibu na Garsen. Tulifika huko wakati wa kiangazi, tukateremka mtoni kutawadha kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Mkono mmoja palikuwa na migomba, miembe na mashamba ya Wapokomo. Mkono wa pili ng'ombe wa Waorma walikuwa wakishuka kunywa, vumbi likiwafuata.

Njia ya ng'ombe hao huitwa malka. Ni njia nyembamba ipitayo kati ya mashamba hadi majini. Malka ikiwa wazi, mfugaji hunywesha mifugo na kurudi zake. Ikilimwa, ng'ombe mwenye kiu hupita juu ya mazao ya mtu. Ugomvi huanzia hapo.

Wakazi wa Tana wanaujua mwisho wake. Agosti 2012, siku chache tu baada ya Idi, zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Visasi vikafuatana hadi mwanzoni mwa 2013, na pande zote mbili zikazika watu wao.

Madhara hayakomei makaburini. Mkulima wa huku huufuata mto: mafuriko yakipungua, hupanda mpunga na mahindi katika udongo ulioachwa na maji. Akiwa ukimbizini siku hizo, msimu humpita, naye hubaki hana chakula wala mbegu. Mfugaji naye, akiogopa kushuka mtoni, huitazama mifugo yake ikikonda na maziwa yakikauka. Soko lililokuwa likiwakutanisha huvunjika. Mama wa Kipokomo akakosa maziwa ya mwanawe, na mama wa Kiorma akakosa unga. Njaa ni moja, nyumba ni mbili.

Waorma ni Waislamu, na miongoni mwa Wapokomo Waislamu ni wengi. Baada ya sala tuliikumbuka Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, zinazotaja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulaiman (a.s.) juu ya shamba lililoingiliwa usiku na mbuzi na kondoo wa watu. Wafasiri wanaeleza kuwa Sulaiman aliamua mwenye shamba apewe wanyama wale anufaike na maziwa na sufu yao, na mwenye wanyama alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa. Kisha kila mmoja achukue chake. Aliyedhurika alifidiwa, wala shamba halikupotea, wala kundi halikuangamia.

Ndugu msomaji, wazee wa pande mbili wanapokaa kabla ya kiangazi, wakakubaliana malka ipite wapi na fidia iwe kiasi gani, wanalinda chungu kilichoko jikoni kwa kila mmoja wao. Mwenyezi Mungu awape subira na uadilifu, na aibariki riziki yao. Amin.