Gitaa Ukubwani

Kama una gitaa limetundikwa ukutani bila kazi, nisikilize. Mimi nilianza nikiwa na miaka 43, na watoto wangu walicheka hata wakatoka nje.

Baba hakucheka. Kwake gitaa ni chombo cha kilabuni, na mdogo wake alipotelea huko huko. Akanikataza kulipiga uani. Basi nikawa napiga shambani, chini ya mwembe, baada ya jembe.

Mwanzoni ni vidole kuuma tu. Nyuzi za chuma hukata ngozi. Vumilia, sugu itaota. Kaza nyuzi zote sita zilingane, maana zisipolingana utadhani huna sikio. Mimi nilimsikiliza sana Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi wimbo wa “Masanga” mwaka 1952. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, nawe ungeapa wako watu wawili! Sijaufikia hata mkia wa wimbo ule.

Kuimba kulinishinda zaidi: mkono ukienda, mdomo unasimama. Piga polepole mpaka mkono uende wenyewe, ndipo ufungue kinywa.

Wakati wa mavuno yaliyopita baba aliugua, akawa halali. Usiku mmoja akauliza, “Gitaa lako liko wapi?” Nikalileta, nikaimba wimbo ambao marehemu mama alitubembelezea. Nikakosea mara mbili. Baba hakusema neno. Alianza kugonga ubao wa kitanda kwa kidole, akinionyesha mwendo.