Mbeba Chakula Hana Pointi

Askari wa kawaida kwenye michezo ya vita ya mezani ana urefu wa milimita 28 hivi. Simamisha sarafu ya shilingi ishirini kando yake na karibu imfike kidevuni. Kwenye huo mwili mdogo kuna vifungo, mikanda, mikunjo ya suruali, kucha na uso. Kazi yetu ni kuvipaka rangi vyote, kimoja kimoja, kwa brashi yenye ncha nyembamba kuliko ya kalamu. Jioni tatu zinaisha hivyo. Halafu tunampanga mezani na wenzake, tunarusha dadu, na anakufa raundi ya pili.

Nasema "sisi" lakini hapa Meru mjini tuko wanne tu. Mmoja ana cyber kule Makutano, na akishafunga Jumapili jioni meza zake zinakuwa uwanja wetu wa vita.

Watu wengi waliosikia kuhusu mchezo huu wanaujua kwa jina moja, Warhammer. Kampuni yake, Games Workshop, ilianzia London mwaka 1975, na ile hadithi yao ya vita vya anga za mbali, Warhammer 40,000, ikatoka 1987. Lakini mchezo wenyewe ni mzee zaidi. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule Mwingereza aliyeandika kuhusu wavamizi kutoka Mirihi, alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupigana na askari wa kuchezea sakafuni. Kuna askari wa miguu, kuna farasi, kuna mizinga inayorusha risasi za mbao. Mwaka mmoja baadaye vita vya kweli vikaanza na vikafika mpaka huku kwetu. Wanaume wa Afrika Mashariki walikusanywa kwa nguvu kuwabebea Waingereza mizigo, na makumi ya maelfu hawakurudi nyumbani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ndiyo Kariakor unayopitia ukiwa Nairobi.

Sijawahi kuona duka la vijisanamu hivi Meru, wala Embu. Kuagiza Uingereza ni bei ya kodi ya nyumba, ukiongeza usafiri na ushuru. Kwa hivyo tunanunua faili mtandaoni, jamaa mmoja Nairobi anatuchapia kwa printa ya resini, na mzigo unakuja na matatu. Rangi za akriliki tunatoa duka la vitabu. Ile nyeusi ya kwanza, ya kushikisha rangi zingine, ni ya kupuliza, tunanunua hardware. Brashi nzuri kuliko zote nilipata kwa muuza vipodozi Gakoromone, ni ya kuchora wanja. Udongo wa kuweka chini ya miguu yao ni huu mwekundu wetu, umechekechwa kwa kichujio cha chai na kushikishwa kwa gundi. Na miti? Hapa Meru miti ni rahisi. Vijiti vya miraa vilivyobaki baada ya watu kutafuna, ukivikausha, vinakaa kabisa kama mashina ya miti.

Ngozi ndiyo ilinifunza kupaka rangi. Video nyingi za mafunzo zinaanza na uso wa rangi ya waridi, na njia yao ya kuonyesha mwanga ni kuongeza nyeupe. Jaribu hivyo kwenye uso mweusi na askari wako atatoka na kijivu usoni, kama mtu aliyetoka nyumbani asubuhi bila kujipaka mafuta. Ngozi yetu inataka kitu kingine. Unaanza na kahawia nzito iliyochanganywa na buluu kidogo, unapanda na kahawia yenye wekundu, na kwenye ncha ya pua na mifupa ya mashavu unagusa rangi ya chungwa, tone moja tu lililotiwa maji. Nyeupe unaiacha kwa macho. Nilijua hivyo kwa kumwangalia mama akiwa kando ya dirisha, sio kwa video.

Jeshi langu ni la watu wa msituni. Ni Mlima Kenya mwaka 2350, barafu iliisha kitambo, na wapiganaji wana mikono ya chuma na nywele za kusokotwa zinazotoka chini ya kofia. Wako kumi na wawili. Wanakaa kwenye kabati la glasi la mama, lile la vikombe vya wageni, kwenye rafu ambapo ndugu zangu wana picha zao za kufuzu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nafasi ilikuwepo. Mama ndiye aliyewaweka pale. Wageni wakiuliza ni nini, anawaambia, "Ni kazi ya huyu," na anaendelea kumimina chai.

Mwezi wa Aprili niliwapeleka kwa Cucu, mama ya mama, anayeishi juu ya Embu, upande wa Kianjokoma karibu na msitu. Wanasafiri ndani ya mkebe wa biskuti. Kila mmoja ana sumaku ndogo chini ya miguu, nilizitoa kwenye earphone zilizokufa, na bati la mkebe linawashika wima Nkubu, Chuka, Runyenjes, matuta yote. Niliwapanga kwenye stuli yake. Cucu alivaa miwani, akamwinua mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliuliza ni nani. Nilikuwa na jeshi. Yeye aliona watu kumi na wawili.

"Wote wana bunduki," akasema.

"Ndio, Cucu."

"Na ni nani anawaletea chakula?"

Nikamweleza kwamba kwenye mchezo hakuna mambo ya chakula. Akacheka. "Basi hiyo vita ni ya siku moja."

Cucu alikuwa na miaka kumi hivi hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Mamake alipeleka chakula msituni, viazi vitamu na nduma chini ya majani ya ng'ombe, na alimbeba yeye kama kisingizio, manake mwanamke anayekata majani na mtoto hakuulizwa sana. Serikali ilipong'amua kwamba msitu unalishwa kutoka vijijini, ilikiendea chakula. Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja kutoka Kiambu hadi Embu na Meru walitolewa kwenye boma zao na kusukumwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vyenye ulinzi. Kandokando ya msitu wa mlima likachimbwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Waliolichimba walilazimishwa, na wengi walikuwa wanawake. Shangazi ya Cucu alishikwa hapo handakini usiku, na mzigo. Cucu hakusema kilichofuata na mimi sikuuliza.

Niliporudi Meru nilianza kumtengeneza mwanamke. Nilichukua mwili wa mwanakijiji aliyebaki kwenye oda ya zamani, nikampa mguu mmoja wa chuma ili afanane na wenzake, na kiondo nikakifinyanga kwa ile pati ya kuchanganya ya mafundi wa mabomba. Kabla sijapaka rangi nilimtumia Cucu picha kupitia simu ya jirani. Akapiga papo hapo. Mzigo haubebwi na mabega, alisema, unabebwa na paji la uso. Weka mukwa. Na mgongo uiname, kwani amebeba pamba? Nikakata mkanda kutoka kwa karatasi ya ndani ya sigara, nikauzungusha kichwani, nikamwinamisha. Michirizi ya kiondo ilinimalizia usiku mzima.

Shida ikawa pointi. Kwenye kanuni tunazotumia, za Grimdark Future ambazo ni za bure, kila mpiganaji ana bei kulingana na anavyopiga na anavyojikinga, na pande mbili zinalinganishwa kwa hesabu hiyo. Yeye hapigi. Kulingana na kitabu, hana thamani. Mwenye cyber akasema tumweke sifuri, awe pambo. Tukabishana mpaka tukakubaliana kanuni moja ya kwetu: askari wangu yeyote asiyefikiwa naye ndani ya raundi mbili anapoteza inchi mbili za mwendo, na ya tatu hapigi tena.

Mchezo wa kwanza mwenzangu hakumjali. Nilishinda. Wa pili, raundi ya kwanza kabisa, roboti zake zote zikageuka na kumlenga yeye. Bunduki zangu kumi na mbili zilikuwa wazi mbele yake na hakuzitazama hata moja. Alirusha dadu kwa furaha, si ni mchezo, na akamtoa mezani. Nilibaki na watu wenye silaha nzuri wanaosimama polepole, mmoja mmoja. Hiyo kitu ilinishika koo, na sikuweza kuwaeleza wenzangu kwa nini bila kuharibu jioni ya watu. Nikasema tu kwamba yule ni wa pointi hamsini, zaidi ya nahodha wangu. Hakuna aliyebisha.

Kuna mtu wa Nairobi ameona picha na anataka kununua jeshi lote. Ametaja bei ambayo ingenilipia miezi miwili. Kwa yule mwanamke anasema nibaki naye, manake hayuko kwenye orodha ya kitabu. Bado sijamjibu. Kwa sasa nina wengine watatu mezani, weusi tii wa rangi ya kwanza, mikwa ikiwa tayari kwenye paji za uso. Cucu alisema hakuna aliyeenda msituni peke yake.