Shaba ya Marehemu Baba

Marehemu baba aliniachia kipande cha shaba, kikubwa kuliko ile senti kumi ya zamani yenye tundu. Alipewa na tajiri wake badala ya mshahara wa mwezi, akaambiwa ni mali kubwa. Nami nilikitegemea kwa karo ya mwanangu.

Kina sura ya mzee mwenye ndevu aliyejifunika kichwa, na upande wa pili mwaka 1787 na ahadi ya kumlipa mwenye nacho peni moja. Nilipochunguza vitabuni, niliona kuwa si fedha ya Mfalme. Serikali ya Uingereza iliacha kupiga sarafu za shaba mwaka 1775, watu wakakosa fedha ndogo za mishahara. Ndipo kampuni ya machimbo ya Parys, kisiwani Anglesey, ikapiga zake, hata Bunge likazikataza mwaka 1817.

Wasomaji wapenzi, sarafu zile zilipokewa kwa sababu aliyezitoa aliaminiwa kulipa. Tajiri wa baba hakulipa. Karo nitaitoa katika mshahara wangu. Shaba nimempa mwanangu, ajue kuwa ahadi ni deni.