Je, tutamwona?

Wasomaji wangu, mnisamehe kwa kimya. Nilikuwa Unguja, Bibi anaumwa. Leo siandiki siasa. Naandika swali aliloniuliza, maana mpaka sasa limenikaa kooni.

Mji Mkongwe kila mtaa una namna yake ya kumtaja Mungu. Ukitoka kwetu Malindi, misikiti haihesabiki. Hurumzi kuna hekalu la Wahindu. Mkunazini kuna kanisa kuu la Kianglikana, lililoanza kujengwa 1873 pale palipokuwa soko la watumwa. Mgeni atadhani ubishi wetu ni Mungu mmoja, Utatu, au miungu mingi. Kumbe nyumbani kwetu ubishi ulikuwa baina ya Waislamu wawili, mke na mume!

Bibi ni Sunni wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo Wazanzibari wengi. Babu alikuwa Ibadhi, madhehebu ya masultani wa Kibusaidi. Masultani wale waliweka makadhi wa pande zote mbili, na watu wakaoana bila tabu. Mimi ni tunda la ndoa hizo. Nilipokuwa mdogo nilisali kama Babu, mikono nimeiachia ubavuni. Siku moja mwalimu wa chuoni akaniuliza mbele ya wenzangu, "Wewe, mikono yako imekufa?" Tangu siku hiyo chuoni nikaifunga, nyumbani nikaiachia.

Lakini mikono si kitu. Jambo kubwa ni hili: Je, siku ya Kiyama waumini watamwona Mungu? Masunni wanasema ndiyo, na wanaonyesha aya ya 22 na ya 23 za Sura Al-Qiyama. Maibadhi wanasema hapana, wanaonyesha aya ya 103 ya Al-An'am. Na zile za Al-Qiyama? Wanasema neno lile la Kiarabu hapo maana yake ni kungojea rehema za Mola, si kumtazama. Sheikh Ahmed bin Hamad Al-Khalili, aliyezaliwa hapa hapa Unguja 1942 na kuwa Mufti wa Oman 1975, ameliandikia jambo hili katika kitabu chake Al-Haqq al-Damigh.

Babu hakuwa na maneno mengi. "Ukikiona kitu, ushakitia mpaka. Mungu ana mpaka?"

Bibi naye akijibu huku anakuna nazi: "Umeitwa karamuni, umekula umeshiba, unarudi hujamuona mwenye nyumba? Karamu gani hiyo?"

Wakicheka, kahawa ikaletwa. Miaka nenda miaka rudi.

Babu alifariki 2011. Juzi usiku Bibi, homa imempanda, akanishika mkono. "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Mimi na babu yako, nani kasema kweli? Maana ikiwa mimi nimekosea, nitamkuta kule ananicheka. Na ikiwa yeye kakosea, je, kamkasirisha Mola?"

Nikanyamaza. Mimi mwandishi wa habari, kazi yangu kuuliza maswali, leo naulizwa mimi! Ningeweza kumtajia aya na vitabu. Lakini niliona hakuwa akiuliza elimu. Alikuwa akiuliza kama mumewe yuko salama.

Nikamwambia, "Bibi, Babu alikataa kuonekana kwa Mungu kwa sababu alimuona Mungu ni mkubwa mno. Wewe ulikubali kwa sababu unampenda mno. Sidhani kama Mola atamkasirikia mtu kwa lolote katika hayo mawili."

Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umejibu kama babu yako. Maneno machache, na swali hukulijibu." Akalala.

Alfajiri nikasimama kusali pembeni ya kitanda chake. Nikakumbuka sijui niweke wapi mikono. Mwishowe nikaiachia, kwa ajili ya Babu. Rakaa ya pili nikaifunga, kwa ajili ya Bibi. Najua masheikh wa pande zote mbili watanigombeza.

Anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Jana ameomba uji. Ila nyinyi wenzangu, mngemjibu nini?