Bei ya Mteja

Mama alinipigia simu siku chache kabla ya Saba Saba akaniambia nisithubutu kuja Jumatatu. "Barabara zitafungwa. Kuja wikendi. Na ubebe sweta, huku ni kama friji."

Zilifungwa kweli. Tarehe 7 Julai 2025 polisi waliweka vizuizi kwenye barabara kuu za kuingia jijini Nairobi, miaka 35 tangu ule mkutano wa Kamukunji uliopigwa marufuku 1990 na watu wakaenda hata hivyo. Mimi nilikuwa Mombasa naangalia picha kwenye simu. Niliogopa kama kila mtu, lakini kulikuwa na kona ndani yangu iliyoshukuru kimyakimya, na hiyo kona inaniaibisha hadi leo. Nilikuwa nimepewa siku tano zaidi. Nilikuwa na neno la kumwambia Mama, na nilikuwa nimelichelewesha kwa miaka miwili.

Mtu wa Mombasa ukimwambia Nairobi kuna baridi anacheka. Si ni Afrika? Si ikweta iko hapo tu? Iko hapo, lakini jiji lenyewe limekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na ikifika Julai mawingu yanashuka, yanakaa, na jua linakuwa habari ya kusikia. Unaamka giza, unarudi giza, katikati kuna rangi ya kijivu na manyunyu yasiyotaka kuwa mvua. Kwa watu wengi ni mwezi wa kuvumilia. Kwetu ilikuwa tofauti. Mama anauza sweta za mtumba pale soko la Jericho, na Julai ndiyo Krismasi yake.

Basi la usiku lilitoka Mombasa saa nne. Mpaka Voi madirisha yalikuwa wazi. Mtito Andei tuliposhuka kunywa chai, nilifunga zipu ya jaketi. Athi River kila mtu alikuwa amevaa kila kitu alichobeba, na mama mmoja mbele yangu alikuwa amejifunga leso mbili juu ya buibui. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Mariakani. Nilikuwa na mwanzo mzuri, sababu tatu, na hitimisho. Kazi yangu imekuwa hiyo kwa miaka, kupanga sababu tatu na hitimisho.

Muthurwa, saa kumi na mbili asubuhi. Makanga alikuwa amevuta boshori mpaka kwenye nyusi, mdomo unatoa moshi kama anavuta sigara. "Jericho hamsini, Jericho!" Nilipangusa kioo kwa mkono wa jaketi nikaanza kuhesabu mtaa mmoja mmoja: uwanja wa City, ambao siku hizi unaitwa Joe Kadenge, Kaloleni na miti yake, Makongeni, Mbotela, Maringo. Tulikua tukitaja haya majina bila kujua mengine ni ya watu. Mbotela ni Tom Mbotela, aliyeuawa 1952. Ofafa, ile Ofafa ya Ofafa Jericho, ni Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka uliofuata. Mtu anakufa, jina linabaki kwenye stegi, makanga analipiga kelele kila asubuhi.

Sikuenda nyumbani. Nilienda moja kwa moja sokoni, kwa sababu siku ya Jumamosi ya Julai hakuna mtu nyumbani.

Mama alikuwa ameshafungua robota. Unapaswa kumwona mamangu akifungua robota. Anakata kamba polepole, hasemi na mtu, anatia mkono kati kabisa anavuta sweta moja, anaigeuza, ananusa, halafu ndiyo unajua kama mwezi utalipa. Zile nzuri za kwanza tunaziita kamera, zinatundikwa juu. Za katikati zinakunjwa kwa saizi. Zilizobaki ni fagia, zinarundikwa kwenye turubai, kila moja hamsini, chagua uende.

Aliniona, akanitazama kutoka viatu hadi kichwa. "Umekonda. Shika hizi za darasa la kwanza, utundike." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Nilitundika.

Tuliuza mpaka mgongo ukauma. Wazazi walikuwa wanakuja na watoto wenye makamasi, wanapima sweta juu ya yunifomu, wanalia bei. Mama anasema mia tatu, mteja anasema mia na hamsini, Mama anaikunja sweta kama amekasirika, mteja anaondoka hatua nne, anarudi, mia mbili. Kila baada ya mauzo machache alikuwa anafanya kitu ambacho sikukielewa mwanzoni. Pesa zilikuwa zinaingia kwenye mfuko wa mbele wa eproni. Halafu noti moja anaitoa, anaikunja ndogo, anaiingiza kwenye kijaluba kilichofungwa kiunoni, ndani ya nguo.

"Hizo ni za nini?" nikauliza.

"Za joho," akasema, bila kugeuka. "Ama unafikiri tenti na viti vitaanguka kutoka mbinguni?"

Niseme sasa nilichokuwa nimekuja kusema.

Niliingia chuo 2019. Machi 2020 vyuo vyote vikafungwa kwa sababu ya korona, tukatumwa nyumbani na kompyuta zetu kama tulikuwa nazo. Jamaa mmoja wa hosteli akanionyesha kazi. Kuna wanafunzi Marekani na Uingereza wanaolipa watu wawaandikie insha, na Nairobi imejaa vijana wanaoandika. Unakodi akaunti ya mtu, unachukua oda, unaandika usiku kucha. Niliandika kuhusu uuguzi, kuhusu falsafa, kuhusu vita ambavyo sikuwahi kusikia. Wiki mbaya nilipata elfu nne. Wiki nzuri nilipata pesa ambayo Mama hapati kwa mwezi mzima nje ya Julai, na nilikuwa namtumia, na alikuwa anajivunia.

Madarasa yalipofunguliwa, mimi nilikuwa nalala mchana. Nilikosa mtihani mmoja, nikasema nitaurudia. Nikakosa mitatu. Karo ilipofika nilikuwa nayo, lakini nilikuwa na oda kumi na moja, na nikajiambia muhula mmoja tu. Sijafukuzwa, na hakuna mtu wa kulaumu. Niliacha tu kwenda, kama mtu anavyoacha kwenda kanisani. Nimehitimu mara nyingi, lakini kwa majina ya watu wengine.

Halafu mambo yakageuka. 2022 Uingereza ikapitisha sheria ya kuharamisha biashara hiyo kwa upande wao. Mwishoni mwa mwaka huohuo ChatGPT ikatoka, na wateja wakagundua kuna kitu kinachoandika bure na hakilali. Sikuzimwa siku moja. Oda zilipungua kama maji ya mfereji yanavyopungua, unadhani ni leo tu, unaweka ndoo unangoja. Katikati ya 2023 nilihamia Mombasa kwa binamu, nikaanza kuandika matangazo ya maduka na kurasa za mahoteli madogo, na usiku hadithi zangu. Wenzangu niliojiunga nao walivaa joho mwaka huo. Mama akauliza lini yangu. Nikamwambia kuna alama zimepotea. Kila mwanafunzi wa Kenya anajua alama hupotea, na hata Mama alikuwa amesikia kwa majirani. Akaniambia nivumilie. Mwaka uliofuata nikamwambia wahadhiri wamegoma, na walikuwa wamegoma kweli. Uongo mzuri ni ule unaokaa kwenye taarifa ya habari.

Jioni tulifunga kibanda nikapita base kusalimia. Ni palepale, karibu na Camp Toyoyo, pale muuza mutura anapowasha moto saa kumi na moja. Tulikuwa wavulana tisa. Mmoja sasa analinda jengo Qatar. Wawili walioa wakahamia Kayole. Mmoja tulimzika Lang'ata, na bado hakuna anayekaa kwenye lile jiwe lake. Waliokuwepo walikuwa watatu, wameinama juu ya jiko la mutura kama wanaota moto. Walikuwa wanabishana kama nyumba za kaunti zitabomolewa zote kama zilivyobomolewa zile za Pangani, na nani atapewa funguo ya ghorofa. Hiyo stori niliiacha hapo na nikaikuta hapo.

"Buda, umepotea," akasema Kipa. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa golikipa wetu. Siku hizi ni mtu wa boda, na ndiye humbebea Mama marobota kutoka Gikomba.

Tulikula mutura na kachumbari, tukacheka. Halafu akanivuta kando, kwenye pikipiki yake.

"Umemwambia mathe?"

Kipa ndiye mtu pekee mtaani aliyejua. Nilimwambia 2023, kwa simu, nikamwapisha.

"Bado."

Alinyamaza kidogo, akafuta kiti cha pikipiki kwa mkono, mahali palipokuwa pasafi tayari. "Unajua kila nikimbeba huwa ananiuliza? Kutoka Gikomba mpaka hapa. Ati wewe ni rafiki yake, hajakuambia ni lini? Nimesema alama. Nimesema mgomo. Mwezi jana akaniuliza kama najua mtu wa tenti bei nafuu. Unajua nilifanya nini? Nilimpea namba ya jamaa wa tenti. Manze, nilimpea namba."

Sikuwa na la kusema.

"Mimi ni mtu wa kubeba mizigo," akasema, "lakini huu wako umenichosha."

Nilikuwa nimedhani miaka hiyo yote uongo ulikuwa wangu, kama deni langu kwa duka langu. Sikuwa nimefikiria kwamba kuna mtu mtaani anaubeba kila wiki kwenye pikipiki, na mamangu nyuma yake amemshika mabega.

Nyumbani, Mama alikuwa ameleta jiko la makaa ndani, mlango umeachwa wazi kidogo hewa ipite. Chai ya tangawizi, mikate, blanketi ya Maasai magotini mwake. Mwanzo wangu mzuri ulikuwa umepotea. Sababu zote tatu zilikuwa zimepotea.

"Mama, hakuna alama zilizopotea. Niliacha shule 2021. Sitavaa joho."

Alikuwa ameshika kikombe. Hakukiweka chini. Aliniuliza nilikuwa nafanya nini miaka hiyo yote, na nikamweleza, kila kitu, insha, akaunti, Wazungu.

"Hao watu uliowaandikia. Walipita?"

"Wengi walipita."

"Kwa hivyo si kichwa."

"Si kichwa, Mama."

Akatikisa kichwa, polepole. Makaa yalikuwa yanalia. Nje mtu alipita akikohoa.

"Nauza nguo walizovua," akasema, "na wewe unawashonea za kuvaa." Nilidhani angecheka, na hata mimi nilikuwa karibu kucheka. Hakucheka. "Pesa nitazitafuta zingine. Lakini mimi nimetembea hapa miaka miwili nikiwa mama ya mtu anayengoja joho. Kanisani. Kwa chama. Hiyo miaka miwili nitamrudishia nani?"

Halafu akasimama, akamwaga majivu, akaniambia nilale kwa kochi, kesho tunafungua saa kumi na moja unusu.

Sijui nilikuwa nikitarajia nini. Nadhani nilitarajia kilio au msamaha, kimoja kati ya hivyo, kwa sababu hivyo ndivyo huwa naandika mwisho. Sikupata chochote. Nilipata blanketi ya ziada, iliyotupwa miguuni pangu gizani nilipokuwa najifanya nimelala.

Jumatatu chama kilikutana kibandani kwetu, wanawake saba wameketi kwenye marobota yasiyofunguliwa. Mama alihesabu pesa, akamaliza, akaniangalia. "Ana neno," akawaambia. Nikasimama mbele yao nikasema tena. Mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu unasikia sauti yako. Mwenyekiti, ambaye alinibeba mgongoni nikiwa mchanga, aliniuliza kama pesa za Mombasa zinanitosha. Nikasema kuna miezi zinatosha. Mwingine akasema mtoto wake ana digrii na amekaa nyumbani mwaka wa tatu. Mwingine akasema hiyo si sababu ya kudanganya mamako. Wakaingia kwenye mambo ya mkopo wa mtu mwingine. Mama hakunitazama, lakini alinisogezea kikombe cha uji.

Jumatano nilipokuwa narudi, nilipitia kibandani kuaga. Kile kijaluba hakikuwa kiunoni. Kulikuwa na robota mpya pale chini, la pili kwa mwezi huo. "Agosti bado kuna baridi," akasema, kama nilikuwa nimeuliza.

Juu kwenye kamera kulikuwa na sweta ya sufu, ya kijani, nzito, saizi yangu. Niliishika. Mama alinitazama nikiigeuza, nikiinusa kama yeye.

"Mia nne," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikasema mia mbili na hamsini, nikiwa bado nadhani ni mchezo. Akanyoosha mkono akaichukua, akaikunja, akairudisha juu. Nikatembea hatua nne. Nikarudi. Nikamtumia mia tatu na hamsini kwa simu, na akangoja mpaka mesiji ikaingia, akaisoma yote, jina langu na kiasi, ndipo akaniachia.

Niliivaa mpaka Voi.